Kuanza jiokeshingi na GPS ya mkononi: setingi kwanza, safari baadae

Kama una GPS ya mkononi imelala tu kabatini, labda uliinunua ya kupimia shamba au mradi uliisha ukaachiwa, kuna mchezo wa kuitumia ambao hauna kiingilio na unaweza kwenda na watoto. Unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kasha mahali, ndani anaweka daftari na vitu vidogo vidogo, anachukua koodineti za pale, yani namba zinazoonyesha mahali palipo, anaziweka mtandaoni, afu wewe unaziingiza kwenye GPS yako unalifuata mpaka ulipate, unasaini daftari, unalirudisha palepale ulipolikuta. Ndo hivo tu, na ukianza kuacha ni kazi.

Ulianzia Marekani. Zamani signali ya GPS waliyopewa raia ilikuwa inaharibiwa makusudi na jeshi la Marekani, unaweza ukakosea hata mita 100, sasa Clinton akiwa rais akaamuru uharibifu ule uzimwe, ukazimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, na tarehe 3 tu jamaa anaitwa Dave Ulmer akaenda kuweka ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatoa koodineti zake kwenye intaneti. Siku chache mbele Mike Teague akawa wa kwanza kuipata. Mwezi Septemba mwaka huohuo ikafunguliwa geocaching.com na mpaka leo ndo sehemu kuu ya kutafutia makasha, dunia nzima yapo zaidi ya milioni 3. Kujiunga kawaida ni bure, kuna makasha mengine wameyawekea wanachama wanaolipia ila ya bure yanatosha kabisa kuanzia.

Sasa tuje kwenye GPS yenyewe, na hapa nakuomba usiruke, maana wengi wanaokata tamaa siku ya kwanza shida haikuwa macho yao wala kasha, shida ilikuwa setingi.

Fungua Setup, ingia Position Format, chagua ile ya digrii na dakika zenye desimali, inaandikwa hddd°mm.mmm'. Makasha yote yanaandikwa hivo, mfano katikati ya Dar itakuwa kitu kama S 06° 48.500 E 039° 17.200. Ukiiacha kwenye digrii, dakika na sekunde, utaona 48.500 utaingiza dakika 48 sekunde 50, na wakati dakika 48.5 ni dakika 48 na sekunde 30, hapo umeshajipoteza kama mita 600 na GPS itakupeleka kwa ujasiri wote mpaka uani kwa mtu. Zile namba tatu baada ya nukta usizidharau pia, huku kwetu karibu na ikweta namba ya mwisho kabisa ikibadilika kwa moja unasogea karibu mita 2, iwe kaskazini-kusini au mashariki-magharibi.

Cha pili ni datamu, yani msingi ambao koodineti zinapimiwa, iwe WGS 84 ndo inayotumiwa na makasha yote. Hii inawakamata sana watu wa ardhi na wa maliasili, kwasababu ramani za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa datamu nyingine inaitwa Arc 1960, mtu akaiseti GPS iendane na ramani ya ofisini na ikabaki hivo miaka. Tofauti ya hizo mbili ni kama mita 300. Yani utafika, mshale utakwambia umefika, utapekua kila jiwe, na kasha liko upande wa pili wa mtaa linakusubiri. Kama GPS ni ya kuazima au ya mtumba angalia hili kabla ya kitu kingine chochote.

Cha tatu ni hiyo S ya mwanzo wa koodineti, yani kusini mwa ikweta, na N ni kaskazini. GPS nyingi ukitengeneza pointi kwa mkono inaanza na herufi ya pale ulipo, ila kama ilifutwa setingi au imetoka nje moja kwa moja inaweza kukaa kwenye N, na S 06° ukiiandika N 06° pointi yako ya Dar inahamia kusini mwa Ethiopia, kilomita kama 1,500 hivi. Nzuri ya kosa hili ni kwamba unaligundua haraka, ukiona umbali unasoma kilomita elfu na kitu ujue ndo lenyewe. Wa Nairobi na Mwanza hivohivo, nyie pia ni S. Waganda ndo mkae macho zaidi, Kampala ni N na Mbarara ni S, soma kilichoandikwa usiende kwa mazoea.

Betri weka mpya mbili za AA na nyingine za akiba mfukoni, afu nenda kwenye setingi uiambie ni aina gani, za kawaida au za kuchaji, la sivyo kile kipimo cha chaji kitakudanganya. Kama kuna sehemu ya WAAS/EGNOS unaweza kuizima, ni mifumo ya kusahihisha signali ya GPS na inahudumia Amerika Kaskazini na Ulaya, huku inakula betri bure. Na kama umesafiri nayo mbali toka mara ya mwisho ulipoiwasha, mfano ilikuwa Arusha sasa uko Mtwara, iweke mahali wazi inapoona anga, iache dakika kadhaa itafute setilaiti zake, usianze kutembea ukiona bado inahangaika.

Kuingiza koodineti, kwenye zile Garmin eTrex bonyeza kile kijiti na ukishikilie, itatokea pointi mpya, nenda pale penye koodineti ubadilishe namba moja moja, ipe jina la kasha, seivu, afu chagua Go. Ukishamaliza soma tena toka mwanzo ukilinganisha na ulichoandika kwenye karatasi, tarakimu moja tu ikikosewa siku imeharibika.

Kasha la kwanza usichague kwa tamaa. Kila kasha lina namba mbili, ya kwanza ugumu wa kulipata na ya pili ugumu wa njia, zinaanzia 1 mpaka 5, wewe chukua la 1.5 kushuka chini kote kuwili, liwe la aina ya tradishono, yani liko palepale koodineti zinapoonyesha, maana yapo mengine ni mafumbo na mengine unapewa pointi moja inayokupeleka nyingine. Liwe la saizi ya kawaida au dogo lakini sio maikro, maikro ni kikopo kama cha filamu za kamera za zamani na kuna vidogo kuliko hapo. Halafu soma watu wa mwisho wamesema nini. Huku kwetu makasha ni machache na yako mbalimbali, kwahiyo angalia lilipatikana lini mara ya mwisho, kama watatu wa mwisho wote wameandika hawakulipata tafuta jingine. Ndugu zetu mlioko Uingereza, Ujerumani, Marekani nyie hamna shida hiyo, pengine kuna matatu kwenye bustani unayopita kila siku kwenda kazini. Kidokezo nacho kipo chini ya maelezo, kimeandikwa kwa kupindua herufi, A inasomwa N, B inasomwa O, unaendelea hivo mpaka mwisho, kitafsiri kabisa nyumbani ubebe.

Ukiwa njiani fuata mshale lakini kumbuka kitu kimoja, GPS za bei nafuu kama eTrex 10 hazina dira ya ndani, mshale unajua unaelekea wapi pale tu unapotembea. Ukisimama unazunguka ovyo na watu wanadhani imeharibika. Tembea hatua kama ishirini moja kwa moja bila kusita ndo uangalie. Na mshale haujui mto wala ukuta wala shamba la mahindi la mtu, unaonyesha mstari ulionyooka, njia itafute mwenyewe.

Ikifika mita 10 zilizobaki hapo ndo utamu. Simama. Angalia GPS inasema usahihi wake ni mita ngapi, kwenye uwazi itasema 3 mpaka 5, chini ya miembe mikubwa au katikati ya maghorofa kama Kariakoo itaenda zaidi sana kwasababu signali inagonga kuta kwanza ndo inakufikia. Afu yule aliyeficha naye GPS yake ilikuwa na kosa lake. Kwahiyo sahau kutafuta mahali umbali utasoma sifuri, wengi wanazunguka na sifuri kama kuku anayetafuta pa kutagia. Fanya hivi, rudi nyuma mita 30, ingia tena kutoka upande mwingine, weka alama mahali mshale unapogeuka nyuma yako, rudia tena toka upande wa tatu, pale alama zinapokaribiana ndo katikati pako. GPS weka mfukoni. Sasa jiulize, ningekuwa mimi nina kontena la plastiki mkononi, ningeliweka wapi mvua isilisombe na mpita njia asilione? Angalia mizizi, mashimo ya mti, nyuma ya nguzo, mawe yaliyopangwa vizuri kuliko mawe yanavyojipanga yenyewe, vijiti vitatu vimelala sambamba. Kasha halifukiwi, sheria inakataza, kwahiyo jembe halihitajiki kabisa na ukijikuta unachimba acha.

Mkono usitangulie. Tumia fimbo kwanza, chini ya mawe kuna nge na nyoka, na mashimo ya mibuyu nyuki wanayapenda sana, sikiliza kabla hujasogeza uso.

Ukilipata fungua taratibu uone vitu vimepangwaje. Andika tarehe na jina la akaunti yako kwenye daftari, kalamu nenda nayo mwenyewe maana mara nyingi haipo. Ukichukua kitu acha cha thamani ileile au zaidi, shanga, sarafu, kigari cha mtoto. Chakula usiweke kabisa, ile ndoo ya kwanza ya Oregon ilikuwa na maharage ya kopo lakini siku hizi imekatazwa, wanyama wananusa, na huku kwetu siafu tu wanatosha. Ukikuta kibati chenye namba kimefungwa kwenye kitu, hicho kinasafiri, kichukue tu kama utakipeleka kwenye kasha lingine, na namba yake usiitoe hadharani.

Jambo la watu nalichukulia kwa uzito. Mtu mzima anayezunguka nguzo na kifaa chenye antena mkononi anatia watu wasiwasi, na siwalaumu. Kaa mbali na kambi za jeshi, madaraja, reli, vituo vya polisi, balozi, hata kama mshale unaelekea huko. Ukimkuta mlinzi msalimie kwanza, "shikamoo mzee, kuna mchezo wa kutafuta kikopo kwa GPS, naomba nitazame hapa," muonyeshe skrini, wengi wanaishia kukusaidia kutafuta. Kwenye kitongoji pita kwa mwenyekiti ujitambulishe. Hifadhini usitoke nje ya gari wala njia kwa ajili ya mshale, kule tafuta zile za jiolojia, hazina kasha, unafika mahali panaporuhusiwa unaangalia miamba au ardhi unajibu maswali unamtumia majibu aliyeyaandika, huachi kitu wala huondoki na kitu.

Jioni ingia mtandaoni uandike. Umelipata andika umelipata, hujalipata andika hujalipata na useme ulitafuta wapi, mwenye kasha anategemea hilo kujua kama aende akalikague au la.