Gitaa Kavu Jukwaani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubeba Amplifaya

Amplifaya ya gitaa kavu ikigoma ukumbini, mara nyingi kosa halimo ndani yake. Limo kwenye betri ya gitaa iliyochoka, kwenye soketi isiyo na ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini), kwenye waya wa jeki uliokatika ndani kwa ndani, au mahali amplifaya yenyewe ilipowekwa. Kwa hiyo maandalizi haya yanaanzia kwenye nyuzi za gitaa na kwenda hadi kwenye umeme wa ukutani. Mengi yake hufanyika nyumbani, siku mbili tatu kabla ya shughuli, wakati bado kuna nafasi ya kwenda kwa fundi au dukani.

Gitaa kavu hutoa ishara kupitia pikapu, kifaa kinachodaka mtetemo wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme. Iliyo ya kawaida zaidi ni ya piezo, kijiti chembamba kinacholala chini ya ule mfupa mweupe wa kwenye daraja. Nyingine ni ya sumaku, inayobanwa kwenye tundu la sauti. Hii ya sumaku inataka nyuzi za chuma. Kwenye gitaa la nyuzi za nailoni haitasikika, na magitaa mengi ya kujifunzia yana nyuzi za nailoni, hivyo angalia kwanza kabla ya kutoa pesa yako. Ukiwa na piezo na ukaona uzi mmoja unasikika kidogo kuliko wenzake, usikimbilie kulaumu amplifaya. Huenda mfupa haujakaa sawasawa juu ya pikapu. Fundi wa magitaa huutoa, akaupiga msasa upande wa chini mpaka ulale bapa, na tatizo likaisha.

Ipo piezo isiyo na betri wala kisanduku cha kurekebishia sauti ubavuni mwa gitaa. Ishara yake ni dhaifu na inahitaji tundu la kuingizia lenye ukinzani mkubwa, megaohmu 1 au zaidi. Amplifaya za gitaa kavu kwa kawaida zimeandaliwa hivyo. Lakini ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya kanisa au ya hoteli, besi inapotea na sauti inatoka nyembamba, ya puani. Hapo unahitaji kisanduku cha DI chenye umeme wake, kinachoifanya ishara ya gitaa ifae mikisa, kiwekwe kati ya gitaa na mikisa.

Kama gitaa lako lina betri ya volti 9, hiyo ndiyo ya kuangaliwa kuliko kitu kingine chochote. Jeki ikiingia tu betri huanza kuliwa, hata kama hupigi na hata kama amplifaya imezimwa. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, unaweza kuikuta imekwisha. Betri mpya ya alkali husoma volti 9 na ziada kidogo kwenye mita. Ikishuka chini ya 8 ibadilishe, hata kama bado sauti inatoka. Dalili za kuchoka ni sauti kukwaruza unapocharaza kwa nguvu, kisha kufifia, kisha kimya katikati ya wimbo. Beba ya akiba ambayo umeshaijaribu mwenyewe, maana madukani kuna betri zinazouzwa zikiwa zimeshapoteza nguvu rafuni.

Nyuzi mpya ziweke siku moja au mbili kabla ya shughuli, zivute kwa mkono na uzipange sauti kwa tyuna mara kadhaa. Zikiwekwa saa moja kabla, zitashuka sauti wimbo baada ya wimbo.

Kuhusu amplifaya yenyewe, hakikisha ni ya gitaa kavu kweli. Ile ya gitaa la umeme ina spika ambayo sauti yake huanguka ikifika takriban hezi 5,000 (mitetemo kwa sekunde), na saketi yake imekusudiwa kuongeza mkwaruzo. Gitaa kavu likipita humo linatoka limeziba. Amplifaya ya gitaa kavu kwa kawaida ina spika ya kati ya inchi 5 na 8, mara nyingi na twita ndogo ya sauti za juu, na chaneli mbili, moja ya gitaa na nyingine ya maiki. Kwa anayeimba huku akipiga, chaneli hiyo ya pili ina thamani kuliko wati za ziada. Uliza pia kama inatoa umeme wa fantomu, yaani umeme unaopitishwa kwenye waya wa maiki, kwa sababu maiki nyingi za kondensa hazifanyi kazi bila huo. Maiki ya dainamiki, kama Shure SM58, haiuhitaji.

Wati huwadanganya wanunuzi wengi. Ukiongeza wati maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua kwa shida. Ili msikilizaji aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo usihangaike kuchagua kati ya wati 50 na 60, angalia uzito, chaneli na njia za kutolea. Roland AC-33 ina wati 30 na inaweza kutumia betri 8 ndogo za AA, inatosha mgahawa mdogo au kona ya ufukweni ambako hakuna soketi. Fishman Loudbox Mini na AER Compact 60 zina wati 60 kila moja. Ya kwanza ina uzito wa karibu kilo 9 na ya pili kilo 6 na nusu, na kilo hizo utazihisi ukipanda bodaboda au daladala. Wati 60 zinatosha watu kadhaa waliokaa na kusikiliza ndani ya chumba. Kukiwa na ngoma, au watu wakizidi mia, au shughuli ikiwa uwanjani ambako hakuna kuta za kurudisha sauti, usiilazimishe. Itoe sauti kwenye mikisa kubwa, yenyewe ibaki ya kukusikilizisha wewe.

Sasa umeme, na hapa ndipo vifaa vingi vinapoungua. Tanzania na Kenya umeme ni wa volti 230 hadi 240, hezi 50. Amplifaya iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 peke yake. Ukiichomeka ukutani itapasua fyuzi kama una bahati, na kama huna, transfoma yake itaungua. Soma maandishi ya nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme. Yakisema 100–240V, badilisha plagi tu. Kukiwa na swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230, isukume kwa bisibisi kabla ya kuchomeka, na uangalie kama maelekezo yanataka fyuzi ya ukubwa mwingine. Yakisema 120V tu, nunua transfoma ya kushushia umeme yenye uwezo angalau maradufu ya wati za matumizi zilizoandikwa hapo nyuma. Hizo ni tofauti na wati za spika, na kwa kawaida ni kubwa zaidi.

Ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, iache kabisa. Pini zinakaa kwa kulegea, zinatoa cheche, na kila cheche inasikika kwenye spika. Tumia adapta iliyobana vizuri. Vilevile usikate wala kufungua pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Mpiga gitaa anashika nyuzi za chuma mikononi huku midomo ikigusa maiki. Maiki ikiwa imeunganishwa kwenye mitambo ya ukumbi kupitia soketi nyingine, na ethi ya upande mmoja ikawa mbovu, umeme unapita mwilini mwake. Kinga yake ni rahisi: amplifaya, mikisa na kila kinachokuhusu vichukue umeme kwenye ekstensheni moja. Kabla ya kuimba, gusa wavu wa maiki kwa testa. Taa yake ikiwaka, usiiguse kwa mdomo wala mkono mpaka fundi aone. Sakafu yenye maji, na kumbi za ufukweni zinayo mara kwa mara, huongeza hatari hiyo.

Kwenye jenereta, utaratibu ndio kinga. Iwashwe kwanza, iachwe dakika chache itulie, ndipo uwashe amplifaya ikiwa sauti kuu iko sifuri. Kabla ya kuizima au kuongeza mafuta, zima amplifaya. Jenereta ndogo za bei nafuu hupandisha na kushusha volti kila mzigo unapobadilika, kwa mfano friji la vinywaji linapoanza kuzunguka. Stabilaiza husawazisha volti hizo. TV guard haisawazishi, inakata tu umeme ukivuka mipaka, jambo ambalo linaiokoa amplifaya lakini linakuacha kimya. Ukitumia inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, chagua ile ya wimbi safi (pure sine wave). Zile za wimbi lililoigizwa (modified sine wave) huleta mvumo wenye mikwaruzo ambao hakuna kitufe cha kuuondoa. Hesabu ya betri ni hii: volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200. Betri ya risasi usiitumie zaidi ya nusu, zinabaki 600, na inveta ikila sehemu yake zinabaki kama 500. Amplifaya inayotumia wastani wa wati 50 itakwenda saa kumi hivi.

Waya wa jeki uwe wa ala, wenye wavu wa kinga ndani, si wa spika ingawa plagi zake zinafanana. Waya wa spika ukitumika kwenye gitaa unadaka mivumo ya taa na simu. Urefu wa mita 3 hadi 6 unatosha. Ujaribu nyumbani kwa kuutikisa karibu na plagi zote mbili huku sauti iko juu, ukikwaruza upeleke kwa fundi wa kuchomelea risasi. Mkobani weka waya wa pili, waya wa XLR wa maiki, ekstensheni ya mita 5 au zaidi, fyuzi mbili za ukubwa ulioandikwa nyuma ya amplifaya, betri ya akiba, nyuzi za akiba, tyuna, testa, na utepe wa gundi wa kubandika nyaya sakafuni. Huo utepe wengi hawaubebi, na mhudumu mmoja mwenye sinia akijikwaa anaweza kukung'olea jeki ya gitaa pamoja na kipande cha mbao.

Adui mwingine ni fidibaki. Sauti ya spika inalitikisa bodi la gitaa, pikapu inaidaka, amplifaya inaikuza tena, na mzunguko huo hauishi mpaka uukate. Uzi mnene wa E unalia hezi 82, na hewa ndani ya gitaa kubwa hutetema karibu na hezi 100. Ndiyo sababu fidibaki ya gitaa kavu mara nyingi ni mngurumo wa chini, si mluzi. Mluzi mara nyingi unatoka kwenye maiki. Kwa mngurumo, fuata mpangilio huu: sogeza amplifaya ubavuni mwako, mbele kidogo, isielekee tundu la gitaa. Inyanyue juu ya kiti imara, kwa sababu jukwaa la mbao lenye uwazi chini huongeza besi. Bonyeza kitufe cha fezi, kinachogeuza wimbi la sauti. Punguza besi. Kama kuna kitufe cha nochi, kinachopunguza sehemu nyembamba ya sauti, kizungushe polepole mpaka mngurumo ukatike. Mwisho, ziba tundu la sauti kwa kifuniko cha mpira. Kifuniko hicho ni cha bei ndogo na hufanya kazi kubwa kuliko vitu vya bei, lakini hakisaidii kama pikapu yako ni maiki iliyo ndani ya gitaa.

Fika ukumbini angalau saa moja na nusu kabla ya watu. Anza na besi, kati na trebo zote katikati, mwangwi sifuri, sauti kuu chini. Piga kwa nguvu kubwa kuliko utakavyopiga usiku huo na upandishe geini (kitufe cha nguvu ya ishara inayoingia) mpaka taa nyekundu imulike, kisha irudishe kidogo. Geini ifuate mkono wako mwenyewe. Anayedonoa kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mtindo wa Katanga aliotamba nao mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco miaka ya 1950, atahitaji geini kubwa kuliko anayecharaza kwa piki (kipande kidogo cha plastiki), na akibadili katikati ya shughuli taa itamwonya. Ndipo upandishe sauti kuu. Tembea mpaka viti vya nyuma, au mwombe mwenzako apige wewe usikilize. Ukumbi ukijaa, miili na nguo hunyonya sauti za juu, kwa hiyo uache trebo nafasi ya kuongezwa kidogo. Mwangwi ongeza mwisho, na kidogo, kwa sababu ukumbi wa saruji na vigae una mwangwi wake tayari. Ukipiga muziki wa kusindikiza kutoka simuni kwa Bluetooth, weka simu katika hali ya ndege kisha uwashe Bluetooth tena, la sivyo simu ya mtu italia kwenye spika.

Kukiwa na fundi mitambo, mpe waya kutoka kwenye tundu la DI la amplifaya. Mwambie azime fantomu kwenye chaneli hiyo, na ashushe sauti ya chaneli kabla hujachomeka au kuchomoa. Kama kuna swichi ya kuchagua ishara itoke kabla au baada ya vitufe vya sauti, ichague kabla, ili wewe ukiongeza besi jukwaani usiharibu sauti ya ukumbini. Mvumo ukitokea mara tu mnapounganisha, bonyeza swichi ya kuinua ethi iliyo karibu na DI. Hiyo inakata ethi ya ishara peke yake, haigusi ethi ya umeme, na ni salama.

Mkimaliza, shusha sauti kuu, zima amplifaya, ndipo uchomoe jeki. Usiache amplifaya wala gitaa ndani ya gari lililofungwa juani, gundi ya gitaa hulainika na daraja huanza kunyanyuka. Mwambao wa bahari, chumvi hushika jeki na vitufe na kuleta mikwaruzo, hivyo futa kwa kitambaa kikavu siku hiyohiyo, weka pakiti za silika ndani ya mkoba, na kila baada ya miezi michache pulizia matunduni dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, amplifaya ikiwa imechomolewa ukutani.