Kuwa wakili Uganda: vyeti, mitihani na mahali watu wanapokwama

Wanaonipigia simu kutoka Busia, Arua na Kasese kuuliza habari za uwakili huanza na ada. Mimi huwauliza kwanza kama majina yao yanafanana kwenye vyeti vyote. Kila ofisi utakayofika itakagua karatasi ulizopewa na ofisi iliyotangulia, na nimeona vijana wenye akili nzuri wakisubiri mwaka mzima kwa sababu ya herufi mbili. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Panga vyeti vya sekondari

Unahitaji UCE, cheti cha kidato cha nne (S4), na UACE, cheti cha kidato cha sita (S6). Kwenye UACE uwe na angalau prinsipo pasi mbili, yaani gredi A hadi E, ulizozipata katika kikao kimoja. Usidanganywe kwamba lazima uwe umesoma historia na fasihi. Waliosoma fizikia na kemia nao wamo mahakamani, na wanafanya kazi vizuri.

Kama shule ilikuandika Muhamadi na kitambulisho cha taifa kinasema Mohammed, tafuta hati ya kiapo sasa hivi. Jina lililobadilika kabisa linataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Uliyesoma Kenya, Tanzania au Kongo, peleka vyeti vya sekondari UNEB, Baraza la Mitihani la Taifa, vilinganishwe na vya Uganda. Diploma au shahada ya nje hupelekwa NCHE, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Fanya hivi kabla ya kulipa chuo chochote.

Na kama hukufika S6? Chuo Kikuu cha Makerere kina mtihani wa kuingilia kwa watu wazima, kuanzia miaka 25. Njia nyingine ni diploma ya sheria, ambayo LDC (Kituo cha Maendeleo ya Sheria, utakakopita baada ya shahada) yenyewe inaifundisha, kisha unaomba shahada. Ni njia ndefu, lakini nawaheshimu sana wanaoipita, hasa makarani wa mahakama na askari polisi ambao tayari wanajua kesi inavyokwenda.

Hatua ya 2: Chagua chuo kwa maswali mawili

Uliza kwanza kama chuo kinatambuliwa na NCHE. Kisha uliza kama programu yake ya sheria imeidhinishwa na Baraza la Sheria, chombo kinachosimamia elimu ya sheria na mawakili. Wengi huishia kwenye swali la kwanza, halafu shahada inawagomea mlangoni pa LDC. Omba kuona idhini kwa maandishi, na uthibitishe kwenye ofisi za Baraza huko Kampala.

Makerere ina mtihani wake wa kuingia kitivo cha sheria. Hupimwi vifungu vya sheria. Unapimwa uelewa wa habari uliyosoma, mantiki na uandishi. Mazoezi yaliyo bora kwangu ni haya: soma tahariri ya gazeti, andika ukurasa mmoja wa kuipinga, saa iko mezani. Andika kwa Kiingereza, kwa sababu mitihani yote ya njia hii ni ya Kiingereza. Kiswahili chako kitakufaa sana baadaye, mteja wa mpakani atakapokaa mbele yako.

Hatua ya 3: Shahada, miaka minne

Hapa sina mengi. Mikataba, jinai, katiba, ardhi na ushahidi visome kwa moyo, na daftari zake usizitupe.

Hatua ya 4: LDC

Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1970, kiko eneo la Makerere, Kampala, na kina kampasi nyingine zikiwemo za Lira na Mbarara. Hapa unasomea diploma ya uzamili ya uwakili, na hapa ndipo wengi huanguka.

Wanaanguka kwa sababu wanajibu kama bado wako chuoni. Tuseme faili linasema mama muuza samaki aligongwa na lori karibu na soko, mguu ukavunjika, na sasa imepita miezi 23. Mwenye mazoea ya chuo ataandika kurasa tatu juu ya uzembe wa dereva. Aliyeiva atauliza kwanza lori ni la nani. Likiwa la mtu binafsi, dai la majeraha lina miaka 3. Likiwa la serikali kuu au la serikali ya wilaya, ni miaka 2, na mama amebakiwa na wiki chache tu. Akishajua hilo, anachagua mahakama, anaandika hati ya madai, anaorodhesha mashahidi, anaambatanisha ripoti ya polisi na ya daktari.

Jizoeze hivyo kila wiki: ukweli wa mteja, sheria, mahakama, nyaraka. Ziandike nyaraka zenyewe kwa mkono wako mwanzo hadi mwisho, usizisome tu kwenye fotokopi ya mwenzako. Kwenye mazoezi ya kazi, chagua ofisi itakayokupeleka kortini hata kama ni ndogo. Ofisi kubwa inaweza kukuacha kwenye kabati la mafaili.

Hatua ya 5: Kuandikishwa

Ukipata diploma ya LDC, omba cheti cha kustahili kutoka Baraza la Sheria, kisha jina lako liingizwe kwenye orodha ya mawakili wa Mahakama Kuu. Hapo wewe ni wakili, ila bado huruhusiwi kumsimamia mteja bila leseni. Leseni hutolewa na Msajili Mkuu, na uanachama wa Chama cha Mawakili Uganda ni wa lazima. Mwanzoni utafanya kazi chini ya wakili mzoefu, na ukitaka ofisi yako, Baraza litakuja kuikagua kabla hujapokea mteja.

Leseni inaisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Anza kuihuisha mapema, kwa sababu bila leseni huruhusiwi kumsimamia mteja.