Namna ya Kulifahamu Kanisa la Kibaptisti la Kihafidhina Kabla ya Kuomba Ushirika

Mtu anayetaka kujiunga na kanisa la Kibaptisti hugundua mapema kwamba hakuna ofisi kuu inayoweza kumjibu kwa niaba ya Wabaptisti wote. Hawana papa, hawana askofu mwenye mamlaka juu ya makanisa mengi, wala sinodi ambayo uamuzi wake hulifunga kila kusanyiko. Kanisa la mahali hujitawala lenyewe, na muungano wake na makanisa mengine ni wa hiari, kiasi kwamba makanisa mawili yenye jina hilo hilo yanaweza kutofautiana katika mambo mazito. Kwa hiyo anayetaka kujua kanisa fulani linaamini nini hana budi kuliuliza kanisa lenyewe, na inafaa ajue mapema asome nini, atazame nini na aulize nini.

Neno «kihafidhina» nalo lisikupeleke kwenye mambo ya mavazi au nyimbo za zamani, ingawa mara nyingine hayo huambatana. Hapa maana yake ni kanisa linaloshikilia kwamba Biblia yote imevuviwa na Mungu na haina kosa, na kwamba kuzaliwa kwa Kristo na bikira, kufa kwake badala ya wenye dhambi, kufufuka kwake kwa mwili na kurudi kwake ni mambo ya kweli wala si mafumbo ya kutia moyo. Kanisa linaloyachukua hayo kama lugha ya picha tu, hata likiwa na kisima cha ubatizo na jina la Kibaptisti mlangoni, si la aina inayozungumziwa hapa.

Omba nyaraka tatu

Kabla ya kuzungumza na mchungaji kwa kirefu, omba ungamo la imani, agano la kanisa na katiba. Ungamo husema kanisa linaamini nini, agano husema washirika wameahidiana nini, na katiba husema maamuzi hufanywaje. Makanisa mengi huzitoa bila shida. Ukiambiwa kwamba nyaraka hizo ni za washirika pekee, uliza kwa adabu mtu atawezaje kukubali asichokisoma.

Maungamo mengi hayakuandikwa upya na kanisa husika, bali yametokana na mojawapo ya maungamo machache ya kale, na kujua shina lake hukupa habari nyingi kwa haraka. La kwanza ni Ungamo la London linaloitwa la 1689, ambalo kwa kweli lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1677 bila majina ya wahusika, kwa sababu Wabaptisti wa Uingereza walikuwa wakiteswa. Lina sura 32, na sehemu kubwa ya maneno yake imechukuliwa kutoka Ungamo la Westminster la Wapresbiteri, likabadilishwa hasa pale panapohusu kanisa na ubatizo. Kanisa linalolitumia litakufundisha kwa uzito kwamba Mungu aliwachagua wateule wake kabla ya misingi ya ulimwengu. La pili ni Ungamo la New Hampshire la 1833, fupi zaidi na lenye lugha laini kuhusu uteule huo. La tatu ni tamko la imani la Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, lililojengwa juu ya lile la New Hampshire mwaka 1925, likarekebishwa mwaka 1963 na tena mwaka 2000, toleo ambalo lilieleza waziwazi kwamba kazi ya uchungaji ni ya wanaume. Swali moja tu, «Ungamo lenu limetokana na lipi?», litakuokolea mazungumzo ya nusu saa.

Unapolisoma, tazama kwanza fungu linalohusu wokovu. Wabaptisti walitofautiana tangu mwanzo kuhusu Kristo alikufa kwa ajili ya nani. Kundi la Thomas Helwys, lililoanzisha kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza mnamo 1612, lilifundisha kwamba alikufa kwa ajili ya watu wote. Makanisa saba ya London yaliyotoa ungamo lao mwaka 1644 yalishikilia kwamba alikufa kwa ajili ya wateule. Mikondo yote miwili ingali hai, na yote miwili inaweza kuwa ya kihafidhina. Linalowaunganisha wengi wao ni fundisho kwamba aliyeokoka kweli hawezi kupotea, ambalo hutetewa kwa Yohana 10:28-29. Usilisikie vibaya fundisho hilo. Halisemi kwamba aliyewahi kutamka sala fulani anaweza kuishi apendavyo. Walimu wake makini husema kwamba kudumu katika imani ndiko kunakoonyesha kwamba wokovu ulikuwepo.

Agano husomwa na watu wachache mno, nalo ndilo litakalogusa maisha yako ya kila siku. Makanisa mengi yanatumia agano lililochapishwa na J. Newton Brown mwaka 1853 au toleo lililotokana nalo, ambalo pamoja na kuahidi kuombeana, kuhudhuria na kutoa, linamtaka mshirika ajiepushe na kuuza na kunywa vileo. Mtu ambaye riziki yake inatokana na biashara ya vileo ni afadhali alijue hilo kabla washirika hawajampigia kura ya kumpokea kuliko baada yake. Kuhusu katiba, inatosha kutafuta mambo matatu: nani ana haki ya kupiga kura, mchungaji huitwa na kuondolewa vipi, na mali ya kanisa imeandikishwa kwa jina la nani.

Ubatizo

Hapa ndipo imani ya Kibaptisti inapotofautiana na ya wengine kwa namna inayoonekana kwa macho. Hoja yao inaanza na swali la nani aliye mshirika wa kanisa, na jibu lao ni kwamba kanisa ni la watu waliomwamini Kristo wao wenyewe, na si la watu waliozaliwa katika ukoo, taifa au nyumba fulani. Ukilishika jibu hilo, mambo mengine yote yanajipanga: mtoto mchanga habatizwi kwa sababu bado hajaamini, washirika wote wana kura kwa sababu wote ni makuhani mbele za Mungu, na serikali haina neno katika imani kwa sababu imani haiwezi kuamriwa. Matendo 2:41 huwapa utaratibu, yaani walilipokea neno, kisha wakabatizwa, kisha wakaongezwa. Warumi 6:3-4 huwapa sababu ya kuzamishwa, kwa kuwa tendo hilo ni picha ya kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo, na maji machache juu ya kichwa hayachori picha hiyo.

Ikiwa ulibatizwa utotoni, jiandae kuambiwa kwamba ule haukuwa ubatizo. Wao hawasemi kwamba watakubatiza mara ya pili, kwa maana kwao hii itakuwa mara ya kwanza. Maneno hayo huwaumiza wengi, hasa wanapowafikiria wazazi waliowapeleka kanisani kwa moyo mweupe, na mchungaji mwenye busara atayasema taratibu. Lakini atayasema, wala usitegemee ungamo lipindishwe kwa ajili yako. Ikiwa ulizamishwa baada ya kuamini katika kanisa la madhehebu mengine, mambo hutofautiana. Kuna makanisa yatakayokupokea kwa ushuhuda wako, na kuna yanayotaka ubatizo uwe umefanywa na kanisa la imani na utaratibu kama wao. Uliza swali hili mapema na upate jibu lililo wazi.

Linafaa kuongezwa neno la historia, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba Wabaptisti walizamisha tangu siku ya kwanza. Mwaka 1609 huko Amsterdam, mchungaji Mwingereza John Smyth alijimwagia maji mwenyewe, kisha akawabatiza wenzake, akiwemo Helwys. Kuzamishwa kulikuja kuwa kanuni miongoni mwa Wabaptisti wa Uingereza katika miaka ya 1640, na ungamo la 1644 likaeleza kwamba mwili wote uingizwe majini.

Kabla ya siku ya kubatizwa utapitia madarasa, kisha utatoa ushuhuda mbele ya wazee, au mashemasi, au kanisa zima. Ushuhuda una sehemu tatu: maisha yako kabla ya kumwamini Kristo, jinsi ulivyomwamini, na kilichobadilika tangu hapo. Dakika tano zinatosha. Uandike kwanza, uusome kwa sauti, kisha uondoe kila mahali unapojisifu kwa wema wako au kwa ubaya wako. Aliyelelewa katika nyumba ya waumini hana haja ya kujitafutia dhambi kubwa za zamani ili asikike vizuri. Anachotakiwa kueleza ni kwamba imani aliyoipokea kwa wazazi imekuwa yake mwenyewe. Watakaokusikiliza wanatega sikio kwenye jambo moja hasa, kama unautegemea ubatizo wenyewe kukuokoa, kwa kuwa kanisa hili linafundisha kwamba ubatizo ni utii wa aliyekwisha kuokoka. Mfano wanaopenda kuutaja ni mwizi msalabani, aliyeokoka bila kubatizwa.

Siku yenyewe njoo na taulo na nguo kamili za kubadilisha, na vaa nguo nzito ya rangi iliyokoza isiyoonyesha mwili ikilowa. Mchungaji atakuweka ubavu kwake, mkono wake mmoja mgongoni mwako, nawe utakunja mikono kifuani. Legeza magoti atakapokulaza nyuma; wanaokakamaa ndio wanaomchosha. Anayeogopa maji aseme mapema, kwani hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Meza ya Bwana

Wahafidhina hawa huuita ubatizo na Meza ya Bwana «maagizo», nao hulikwepa neno «sakramenti» kwa makusudi, kwa sababu hawaamini kwamba mkate na kikombe vyenyewe huleta neema ya wokovu. Ni ukumbusho na tangazo la mauti ya Bwana. Hakuna kanuni moja ya mara ngapi: kuna wanaoshiriki kila juma, kila mwezi, au kila robo mwaka. Mgeni asikilize tangazo kabla ya sinia kupitishwa, kwa maana baadhi huwakaribisha waamini wote waliobatizwa, baadhi wale wa imani kama yao tu, na baadhi washirika wa kanisa hilo pekee. Ukiwa hujaalikwa, pitisha sinia kwa jirani yako, hakuna atakayekushangaa.

Hudhuria ibada, kisha mkutano wa kanisa

Katika ibada utaona kwamba mahubiri ndiyo kiini, mara nyingi yakifafanua kitabu cha Biblia fungu kwa fungu, na kwamba mimbari imewekwa katikati. Nenda na Biblia yako, uangalie kama mhubiri anaeleza fungu alilolisoma au analiacha mlangoni na kuingia na hoja zake.

Lakini kanisa la Kibaptisti huonekana sawasawa katika mkutano wa washirika, na ni vyema uombe ruhusa ya kukaa nyuma na kutazama. Hapo bajeti husomwa, washirika wapya hupokewa, na kura hupigwa. Sikiliza jinsi swali la mshirika wa kawaida kuhusu fedha linavyojibiwa. Kanisa ambalo kila jambo hupita bila swali kwa miaka mingi linaweza kuwa na umoja mkubwa, au linaweza kuwa na hofu, na utofauti huo hauonekani kwenye karatasi. Utakutana na huduma mbili tu zilizowekwa rasmi: mchungaji, ambaye pia huitwa mzee au mwangalizi kwa kufuata Matendo 20:17 na 28, na shemasi. Uchungaji ni wa wanaume. Kuhusu nafasi ambazo wanawake wanazo nje ya hapo, kama vile kufundisha, kuongoza kamati au kuwa mashemasi, makanisa yanatofautiana, kwa hiyo tazama yanayofanyika na si yaliyoandikwa tu.

Uliza pia kuhusu nidhamu. Utaratibu hutolewa katika Mathayo 18:15-17: kumwonya mwenzako faraghani, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, kisha kuliambia kanisa, na mwisho kumtenga asiyetubu. Swali zuri zaidi kuliko «Mnatenga watu?» ni «Aliyetengwa alirudije?», kwa maana lengo lake ni kurejesha. Mahali ambapo watu hutengwa kwa kumhoji kiongozi, fungu hilo limetumiwa vibaya. Vivyo hivyo uhalifu, na hasa madhara dhidi ya mtoto, ni jambo la kupelekwa kwa vyombo vya sheria, na kanisa lisilitumie fungu hilo kuufunika.

Zaka hufundishwa na wengi kuwa sehemu ya kumi, ilhali wengine husisitiza 2 Wakorintho 9:7 na kumwachia kila mtu moyo wake.

Kura ya kupokewa

Usikubali kuharakishwa. Helwys huyo huyo aliandika mwaka 1612 kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za raia wake, akafungwa katika gereza la Newgate, na kufikia 1616 alikuwa amekwisha kufa. Kanisa linalojihesabu kuwa la uzao wake halina sababu ya kukushinikiza utie sahihi leo. Ikiwa kuna kipengele cha ungamo usichokubaliana nacho, mwambie mchungaji kabla ya kura. Makanisa mengi hayadai ukubaliane na kila sentensi kuhusu mambo ya mwisho wa dunia, bali huomba usifundishe kinyume chake ukiwa mshirika.

Ukipokewa kwa ubatizo, jina lako litaandikwa baada ya kura na kuzamishwa. Ukitoka kanisa lingine la Kibaptisti, katibu wa kanisa jipya ndiye anayeandikia kanisa la zamani kuomba barua ya uhamisho, nayo hutumwa moja kwa moja kati ya makanisa, bila kupitia mikononi mwako. Mpe anwani sahihi na umjulishe mchungaji wako wa zamani kabla barua haijafika.