Mtoto kazaliwa utumbo uko nje: mkunga ufanye nini, hatua kwa hatua

Wadau salaam. Mi ni nesi wa wodi ya wazazi huku Tanga, juzi tumepokea tena mtoto utumbo uko nje na nikaona nusu ya wenzangu mikono inatetemeka, ndo maana naandika. Upasuaji ni wa daktari lakini yale masaa ya kabla yake ni yetu sisi.

Kwanza ujue unaangalia nini. Utumbo uko uchi, hauna utando, umetokea pembeni ya kitovu na mara nyingi kulia, hiyo ni gastroskisisi. Ukiona uvimbe katikati, kitovu kimekaa juu yake na umefunikwa na utando mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, hiyo ni omfaloseli, humo wakati mwingine hadi ini limo. Ya kwanza inakimbizana na saa kwa sababu maji na joto vinatoka. Ya pili utando ukiwa mzima una nafasi kidogo, ila hawa wengi wana shida nyingine hasa ya moyo, lazima wachunguzwe.

Hatua ya 1: kitovu na kufunika. Usikate kitovu kifupi! Acha kama shibiri moja, maana kuna madaktari wanakitumia hichohicho kuzibia tundu la tumboni bila kushona, na kwenye omfaloseli bana mbali na uvimbe usije ukabana utumbo. Mkaushe, mvalishe kofia, halafu mfuko wa plastiki safi unaoonyesha, aingie miguu kwanza mpaka kifuani utumbo ukiwa ndani. Hamna mfuko? Gozi tasa (isiyo na vijidudu) iliyoloweshwa dripu ya chumvi ya uvuguvugu na plastiki juu yake, maana gozi mbichi peke yake inampoza.

Gozi kavu HAPANA. Kituo nilichoanzia kazi tulifunika kwa gozi kavu tukamzungushia kitenge cha mama yake, kufika asubuhi gozi imegandia kwenye utumbo, tunaibandua na damu inatoka. Yule mtoto jioni hakuiona. Mpaka leo nikishika gozi namkumbuka.

Hatua ya 2: mlaze ubavu wa kulia na utumbo uegemezwe, usining'inie, kwa sababu ukining'inia mishipa inayoupelekea damu inajikunja. Rangi ya waridi ni nzuri. Ukianza kuwa zambarau au mweusi badilisha mkao haraka, na kama haurudi mwambie daktari saa hiyohiyo, tundu linaweza kuwa linaukaba.

Hatua ya 3: mpira wa tumboni kupitia mdomoni, saizi 8 au 10, uache wazi na uvute kwa sindano mara kwa mara. Asinyonye bado, na bibi akija na kijiko cha maji ya sukari mzuieni kwa adabu. Mama aanze kukamua, maziwa yatahitajika.

Hatua ya 4: dripu iwekwe mkononi sio mguuni, pima sukari, vitamini K, antibiotiki za ampisilini na jentamaisini. Halafu PIGA SIMU hospitali mnakompeleka kabla gari halijawaka. Kutoka hapa mpaka Muhimbili kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350, vioo vifungwe na mfuko ukaguliwe njiani.

Hatua ya 5, kwa daktari. Tumbo likiwa na nafasi utumbo unarudishwa wote na kufungwa. Likiwa dogo hawalazimishi, kwa sababu tumbo likibanwa mtoto anashindwa kupumua na mkojo unakata. Wanauvalisha mfuko tasa unaoitwa sailo, unaning'inizwa juu yake na kila siku unapunguzwa kidogo, siku kadhaa hivi utumbo unashuka taratibu ndo wanafunga. Omfaloseli kubwa sana inapakwa dawa mpaka ngozi iote juu yake, miezi hiyo, kushona baadaye.

Utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet 2021 ulikuta gastroskisisi nchi maskini wanakufa 90 kati ya 100, nchi tajiri hawafiki 2. Hiyo tofauti kubwa hivo haiko kwenye kisu peke yake jamani.

MASWALI

Mdau wa Pangani: Dada, huku wanasema mama alimcheka kilema ndo kapata hivo?
– Hapana mama angu. Tumbo linashindwa kuziba wiki za mwanzo kabisa za mimba. Gastroskisisi inaonekana zaidi kwa mabinti chini ya miaka 20, sasa binti kama huyo mkimsema atakimbia hospitali. Msimseme.

Nesi wa Muheza: Utumbo una ganda kama uji ulioganda, nisugue?
– Usisugue mdogo wangu, hilo ni la maji ya uzazi. Funika tu, daktari ataliona.

Baba kijana: Wangu kafungwa siku ya 12 leo bado hali, kuna kitu wananificha?
– Pole kaka. Utumbo huo unachelewa kuamka, wengine wiki kadhaa. Muulize nesi ule uchafu wa kijani kwenye mpira unapungua? Kapata choo? Hizo ndo dalili. Na mkisharudi nyumbani akitapika kijani hata usiku wa manane, rudini.

Mjamzito, Chumbageni: Altrasaundi inaonyesha?
– Inaonyesha, wiki ya 20 hivi vizuri. Kabla ya wiki 12 utumbo kuwa ndani ya kitovu ni kawaida, usishtuke. Ikithibitishwa panga kujifungulia karibu na daktari wa upasuaji wa watoto, na wengi wanajifungua kawaida tu bila kisu.