Namna ya kuutambua uwanja wa kizamani wa besiboli kwenye picha: anzia ukutani, achana na majukwaa

Umekutana na picha ya besiboli ya Marekani, nyeusi na nyeupe, haina maelezo, watu wamejaa na kofia zao, na unataka kujua ni uwanja gani. Usihangaike na majukwaa, ya miaka ile yanafanana karibu yote. We nenda moja kwa moja kule nyuma kabisa, autifildi, pale nyasi zinapokutana na ukuta.

Sababu ni hii. Huku mbele sheria ilishapima kila kitu, toka kituo hadi kituo (vile vinne anavyozunguka mpigaji akikimbia) ni futi 90, mita 27 na ushee, hapana mjadala. Ila kule nyuma kila mwenye timu alijenga ukuta pale kiwanja chake kilipoishia, kama ni barabara, barabara, kama ni reli, reli, kama kuna mtu kagoma kuuza nyumba yake basi ukuta unaikwepa nyumba. Kiwango cha kubana kweli kilikuja 1958, kwamba uwanja mpya uwe na angalau futi 325 pembeni na 400 katikati, ukipima toka kwa mpigaji hadi ukutani. Kabla ya hapo ni kama chandimu tu, mwembe ukiwa katikati mnacheza na mwembe wenu.

Kwanza kabisa jua kushoto ni wapi. Simama kimawazo nyuma ya mpigaji, mkono wako wa kushoto ndo kushoto kwa uwanja. Halafu soma matangazo ya ukutani, herufi zikiwa kinyume ujue picha imegeuzwa. Nasema hivi kwa sababu mi mwenyewe nilishapoteza jioni nzima natafuta uwanja wenye ukuta mrefu upande wa kulia, kumbe picha ilikuwa imegeuzwa kushoto kulia na nilikuwa naangalia Fenway Park ya Boston muda wote, nilijicheka.

Sasa cheki ardhi, ni tambarare au inapanda? Watu wengi hawaangalii hapa na ndo penye utamu. Ukiona kule kushoto kuna kamlima kamelala kwenye mguu wa ukuta, kama tuta la mita 3 hivi, hiyo ni Fenway ya zamani, iliyofunguliwa 1912. Tuta lile waliliita Duffy's Cliff kwa sababu ya Duffy Lewis, mchezaji aliyelinda upande wa kushoto ambaye alijua kulipanda huku macho yako juu kwenye mpira, wenzake wakija wanaanguka. Lilisawazishwa uwanja ulipokarabatiwa kwa ajili ya msimu wa 1934, karibu lote. Kwa hiyo tuta lipo, picha ni ya kabla ya hapo. Tuta hakuna lakini ukuta mrefu umejaa matangazo, uko kati ya 1934 na 1947. Matangazo yameondoka, ukuta mtupu na ubao wa matokeo chini, ni kuanzia 1947 walipoupaka rangi ya kijani. Na ukiona wavu juu ya ukuta ni 1936 kuendelea. Ukuta mmoja tu huo, unakusomea miaka kama kalenda.

Ila usiichanganye na Crosley Field ya Cincinnati, hiyo nayo kushoto inapanda, lakini inapanda taratibu kama mtu anayekaribia kibaraza, kwa vile barabara ya nyuma ilikuwa juu kuliko uwanja. Babe Ruth mwenyewe, yule nyota mkubwa wa besiboli, aliangukia pale 1935, siku zake za mwisho kabisa za kucheza. Na ukikuta picha ya uwanja umegeuka ziwa na watu wako kwenye mtumbwi, hiyo ni hiyohiyo Crosley, mafuriko ya 1937.

Baada ya ardhi tafuta kitu kimesimama ndani ya uwanja, namaanisha ndani kabisa, mpira ukikigonga mchezo unaendelea. Mlingoti wa bendera katikati nyuma, mrefu sana, na jukwaa la juu la kulia limechomoza mbele kuliko la chini: uwanja wa Detroit. Kizimba cha nyavu cha mazoezi kimeegeshwa kule mbali kabisa: Forbes Field ya Pittsburgh, kulikuwa futi 457, hakuna aliyetegemea mpira ufike ndo maana wakafanya stoo. Kibanda cha vifaa: Huntington Avenue Grounds ya Boston, palipoanzia World Series (fainali ya ubingwa) ya kwanza 1903. Mawe ya kumbukumbu katikati: Yankee Stadium ya New York, na hapo yahesabu, likiwa moja ni kati ya 1932 na 1941, mawili ni hadi 1949, matatu ni baada ya hapo. Jiwe moja tu lakini nyuma yake kuna jengo lenye ngazi, hapo uko Polo Grounds, nayo ya New York, jiwe ni la mchezaji Eddie Grant aliyeuawa vitani 1918. Polo Grounds ilikaa kama beseni la kuogea, kulia futi 258 tu, katikati hadi ukuta wa jengo 483, yaani mpira wa hovyo pembeni unavuka ukuta na kuwa homurani, mpigaji anazunguka vituo vyote, na uliopigwa vizuri katikati unadakwa.

Halafu kona za ajabu. Ukuta wa katikati umeingia ndani ghafla bila sababu na nyuma yake kuna mti mkubwa na vinyumba: Griffith Stadium ya Washington, wenye nyumba tano waligoma kuuza. Ukuta wa bati mrefu kulia na tangazo kubwa la sabuni ya Lifebuoy: Baker Bowl ya Philadelphia, ambapo pia katikati pamevimba kidogo kwa kuwa chini kunapita treni.

Majani ukutani yanadanganya watu. Wengi wakiona mmea umetambaa wanaruka kusema Wrigley Field ya Chicago, lakini Wrigley waliupanda 1937 na Forbes nayo ilikuwa na wake. Angalia nyuma ya ukuta, miti mingi ya bustani kushoto ni Pittsburgh, nyumba za ghorofa na watu juu ya mapaa ni Chicago.

Ukiona watu wamesimama ndani ya nyasi nyuma ya kamba, hiyo siyo alama ya uwanja wowote, tiketi zilizidi viti tu, timu zilikuwa zinakubaliana kabla kwamba mpira ukiingia kwenye watu mpigaji anapewa vituo vingapi. Kwenye World Series ya 1903, kule Pittsburgh ilikuwa vitatu. Shida ni kwamba watu hao wanaficha ardhi, Fenway walikuwa wanakaa juu ya tuta lenyewe, kwa hiyo angalia vichwa vyao, wa nyuma wakiwa juu kuliko wa mbele kama wako ngazini, tuta lipo chini yao.