SOMO: Kuvaa na HASA kuvua vifaa kinga, kwa sisi wa zahanati na vituo vya afya

Wadau salaam. Somo hili nawaandikia zaidi walio zahanati za huko Bahi, Chemba, Mpwapwa, maana pale hospitali kubwa za Dodoma mjini, Benjamin Mkapa au General, kuna watu wa kukusimamia, ila zahanati mko wachache na mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa wa mlipuko hajui kama anao, anajua ana homa tu, kwaiyo anaanzia kwenu. Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza kwa damu na majimaji ya mgonjwa, ile ya Kagera 2023 iliondoka na mhudumu wa afya mwenzetu, na Januari 2025 ikarudi Biharamulo, Rais akaitangaza akiwa hapahapa Dodoma. Tusijidanganye kwamba ni mambo ya kule ziwani.

Kujua tunajua jamani. Muulize nesi yeyote hatua za kunawa mikono anakutajia zote. Tatizo ni saa nane mchana, joto, vumbi, foleni imefika nje kwenye mwarobaini, na barakoa ishashushwa kidevuni.

HATUA YA 1: Andaa pa kuvulia kabla hujavaa. Ndoo yenye koki, sabuni, chombo cha taka chenye mfuniko, na maji ya klorini. Jik ya asilimia 3.5 unachukua kipimo kimoja unaweka maji vipimo 6, inakuwa asilimia 0.5, ya kufutia damu na matapishi. Changanya mpya kila siku, ya jana mwaga.

HATUA YA 2: Kuvaa. Toa saa na pete, nawa, vaa gauni, barakoa, miwani au ngao ya uso, gloves mwisho na zifunike mikono ya gauni. Kama ni N95, ile barakoa nzito inayochuja hewa, bana pale puani kwa vidole vya mikono yote miwili, alafu funika kwa viganja upulize, hewa ikitokea pembeni bado haijakaa. Wenye ndevu nyingi, hapo haitakaa hata ufanyeje, nyoeni.

HATUA YA 3: Kuvua, na hapa ndo naomba msome taratibu kwa sababu nje ya hivyo vifaa pote sasa pana uchafu, umechoka, una jasho, unataka tu kutoka. Anza na gloves, ya kwanza ishike kwa nje uivute, ya pili ingiza kidole kwa ndani uigeuze. Nawa. Gauni fungua kamba, livute toka mabegani huku unalikunja upande wa ndani utokeze nje. Nawa tena. Miwani itoe kwa kushika nyuma. Barakoa ya mwisho kabisa, shika kamba za nyuma tu, ya chini kisha ya juu, mbele usiguse. Nawa tena, sabuni sekunde 40 mpaka 60, kitakasa mikono sekunde 20 mpaka 30.

Muhimu kuliko yote: mwenzako asimame pembeni akutajie hatua kwa sauti. Watu wengi hawapendi hili, daktari akiambiwa na mhudumu "hujanawa hapo" anaona kadharauliwa. Hajakudharau, anataka urudi nyumbani salama kwa watoto wako. Sema asante, nawa.

MASWALI

Swali: Mkuu huku kwetu maji tunanunua kwa madumu, nitanawa mara zote hizo kweli?
Jibu: Kama mikono haina uchafu unaoonekana tumia kitakasa mikono chenye spirit. Maji ya dumu yatunze kwa mikono iliyoshika damu, matapishi au choo cha mgonjwa.

Swali: N95 naweza kupulizia jik nikairudia kesho?
Jibu: Hapana kaka. Inaharibu kichujio na hiyo jik utaivuta mwenyewe. Ikilowa, ikichafuka au kamba zikiregea, tupa.

Swali: Mimi ni wa usafi, gloves nzuri wanapewa manesi sisi tunaambiwa zimeisha.
Jibu: Dada hili linaniuma. Wewe ndo unafua mashuka na kubeba taka, unatakiwa uwe na gloves nene za mpira, aproni na buti. Mganga mfawidhi akiagiza vifaa MSD (Bohari ya Dawa) na wewe uhesabiwe, na manesi mnaosoma hapa msemeeni.

Swali: Nimechomwa na sindano ya mgonjwa juzi usiku, sijamwambia mtu. Nimechelewa?
Jibu: Ukichomwa unaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, hukamui wala huweki jik. Ila kwako sasa hivi muhimu ni PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, mwisho wa kuzianza ni saa 72 na kila saa inayopita inakupunguzia kinga, kwaiyo ondoka ukaripoti leo hii usisubiri zamu iishe. Dawa ni siku 28. Na kama hujawahi kuchanjwa homa ya ini B waambie hapohapo, usiache kulitaja.