Kutoa kurkumini kwa manjano: kibao kwanza, kolamu baadaye

Kama unataka kujifunza kutenganisha dawa iliyo ndani ya mitishamba, anza na manjano, haya tu tunayonunua Ngara, Nairobi, juu rangi yake ya njano, ndo kurkumini, unaiona kwa macho ikitembea na huhitaji mashine ya bei kali. Lakini fanyia labu yenye chemba ya kuvuta mvuke, si kwa bedsita, daiklorometheni (solventi, yaani kimiminika cha kuyeyushia, tutakayotumia) si kitu ya kuvuta na pua.

Nunua mizizi mikavu usage mwenyewe, unga wa paketi huwezi jua umechanganywa na nini. Pima gramu 20, loweka kwa heksani kwanza itoe mafuta, chuja, hiyo heksani iende kwa chupa ya taka, afu unga uliobaki uloweke na ethanoli usiku mzima. Chuja tena, kausha ethanoli juu ya maji moto, moto wa wazi hapana kabisa.

Sasa hapa ndo watu huharibu, wanakimbilia kolamu, lile bomba la kusimama linalojazwa silika. Ngoja kwanza. Chukua kibao cha silika (kipande chembamba kilichopakwa unga wa silika, solventi hupanda juu yake ikitenganisha rangi), chora laini sentimita 1 kutoka chini na penseli (biro hapana, wino nao utapanda), weka kadoa kadogo sana ka hiyo rangi uliyotoa, simamisha kwa glasi yenye daiklorometheni 99 kwa methanoli 1, na hiyo solventi ikae chini ya laini la sivyo doa litayeyukia huko. Funika. Utaona madoa matatu ya njano, la juu ndo kurkumini yenyewe, haishiki silika sana kama wenzake wawili ndo maana inatangulia. Yakibanana badilisha kipimo cha solventi ujaribu tena, hata mara kumi, kibao ni rahisi kuliko kolamu.

Kolamu: pamba chini, mchanga safi, afu silika mara 30 hadi 50 ya uzito wa sampuli, ikorogwe na solventi kama uji, gonga polepole hewa itoke. Usiiache ikauke hata dakika, ikipasuka rangi zote zinapita kwa nyufa pamoja, nilipoteza siku nzima hivyo.

Weka sampuli juu ya silika, endelea kumimina solventi, na inayotoka chini ipokee kwa testitubu zenye namba, kila moja ijaribu kwa kibao, zenye doa la kurkumini pekee unganisha, kausha, yeyusha kwa ethanoli moto kidogo tu halafu iache ipoe yenyewe mpaka fuwele zijitokeze. Fuwele safi huyeyuka karibu nyuzi 183 za Selsiasi, zikianza chini ya hapo bado kuna uchafu, rudia. Chupa ifunge na foili, mwanga unaiharibu.